Mzazi Hawekewi Baridi

Debre Birhan, katika milima ya Ethiopia, ni mji wa baridi ambayo wenyeji wenyewe hawajaizoea, wanaivumilia tu. Watu hujifunika blanketi mchana kweupe, na ukifungua dirisha bila kuuliza unatazamwa kama mwizi. Mtu akiumwa kichwa, ni baridi. Akiumwa tumbo, ni baridi. Akifa ghafla, wazee watauliza kwanza alikuwa amekaa karibu na mlango gani. Sasa, katika mji kama huo, kusema kwamba mzazi aliyejifungua siku tisa tu zilizopita awekewe barafu kifuani si maneno ya mtu mwenye akili timamu. Na aliyeyasema alikuwa Sista Wagaye, mkunga kwa miaka ishirini na sita, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa moto wa mikono yake.

Mikono hiyo ilikuwa na sifa zake. Wagaye alikuwa mfupi, mnene wa viganja, na vidole vyake vilikuwa na nguvu za mwanamke aliyekua akisaga shayiri kwa jiwe. Mzazi akivimba matiti, mbio, Sista aitwe. Aliingia na kopo lake la siagi, akaagiza maji ya moto na kitambaa, akakunja mikono ya sweta, kisha akalikanda titi kama unga wa mkate wa sikukuu, kuanzia kwapani mpaka kwenye chuchu. Mzazi alilia, akamtukana Sista na ukoo wake wote, na wanawake wawili wakamshika mabega asikimbie. Maziwa yakiruka, wanawake walipiga vigelegele. Kesho yake mkate mzima ulifika kliniki umefungwa kwenye kitambaa safi.

Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kupendeka, ingawa mbishi. Alivaa sweta mbili moja juu ya nyingine, na ya juu vifungo vyake havikuwahi kukaa sawa. Alikunywa kahawa kana kwamba kesho itapigwa marufuku. Na watoto wachanga aliwaamkia kwa heshima ambayo hata hakimu wa wilaya hakuipata kwake. Kila aliyezaliwa mikononi mwake alimwita mheshimiwa. "Karibu, mheshimiwa," alikuwa akisema akimfuta uso. "Pole na safari. Huku kwetu kuna baridi kidogo, lakini chakula kipo." Wazazi walicheka katikati ya uchungu wao, na naamini nusu ya wanawake wa mtaa ule walimpenda kwa hilo kuliko kwa mikono.

Mwaka huo, baada ya Pasaka, alipelekwa semina Addis Ababa, siku tatu, kuhusu unyonyeshaji. Alikwenda kwa sababu ya posho na kwa sababu dada yake anakaa huko. Mwalimu alikuwa daktari kijana anaitwa Rediet, mwembamba, sauti ya chini, umri wa kitinda mimba wake. Rediet akaanza kueleza kwamba utafiti wa miaka ya karibuni umegeuza mambo. Titi la mzazi likiwaka na kuvimba, tusilidhanie bomba lililoziba la kuzibuliwa kwa nguvu. Nyama yenyewe ndiyo imevimba, damu na maji vimejaa, na ukilikanda unaiumiza zaidi. Ukilikamua mpaka likauke, unaliambia lilete mengi mara mbili. Mtoto anyonye kama kawaida yake, mama apumzike, apewe dawa ya maumivu, awekewe kitu cha baridi. Na mkono ukiligusa, uwe mwepesi.

Wagaye akanyosha mkono. "Mwanangu, umezaa?"

"Bado, Sista."

"Umewahi kulikanda titi hata moja?"

"Hapana."

"Basi," akasema Wagaye, akakaa. Ukumbi mzima ukacheka, na Rediet akacheka pia, hakununa. Kisha akaonyesha picha ukutani. Titi lililovimba siku ya kwanza. Titi hilo hilo baada ya kukandwa siku ya pili, jekundu, linang'aa. Siku ya tatu. Siku ya tano, jipu.

Wagaye hakucheka tena. Titi lile alikuwa analijua. Kwake halikuwa la mwanamke wa pichani, lilikuwa la Aselefech.

Aselefech ni binti mkubwa wa Etete Tsedale, mwanamke mwenye sauti kubwa kuliko zote mtaani, ambaye hata wanaomzidi umri humwita Etete, dada mkubwa. Miaka kumi na moja nyuma Aselefech alijifungua binti, akavimba titi la kushoto, na Wagaye akalikanda siku tatu, asubuhi na jioni, kila mara maji yakiwa ya moto zaidi na mkono mzito zaidi. Siku ya tano likawa jipu. Daktari wa upasuaji akalipasua, usaha ukajaa bakuli, na mtoto akakuzwa kwa maziwa ya ng'ombe. Etete Tsedale akatangaza kila mahali kwamba lau si mikono ya Sista, mwanawe angekufa. Tangu hapo kila sikukuu alimpelekea Wagaye mkate mkubwa wenye habasoda. Wagaye alikuwa ameula mkate huo miaka kumi na moja.

Siku ile ya picha alitoka ukumbini, akaenda msalani, akanawa mikono. Kisha akanawa tena.

Aliporudi nyumbani hakumwambia mtu. Kopo la siagi aliliacha kabatini, na pale kliniki akaanza kufanya yale ya Rediet kimya kimya. Alishangaa yanavyofanya kazi, na kila yalipofanya kazi roho ilimuuma zaidi. Wanawake wakanung'unika. Sista amezeeka, wakasema, mikono imeishiwa nguvu, siku hizi anakupapasa tu na kukwambia lala. Akawaacha waseme. Kuitwa mzee ni rahisi kuliko kuitwa mkosaji, na Wagaye, pamoja na ubishi wake wote, alichagua lililo rahisi.

Ikafika Agosti, mwezi wa mvua na wa mfungo ambao nyama na siagi haviliwi, na Etete Tsedale akamwita.

Fikirte, kitinda mimba wake, alikuwa amerudi kwa mama kutoka Addis kuzaa mtoto wa kwanza, kama ilivyo desturi. Mtoto alikuwa wa kiume, vigelegele saba vilipigwa, na sasa ilikuwa siku ya tisa. Wagaye alipofika alisubiri kidogo mlangoni, maana mtu aliyetoka nje haingii moja kwa moja kwa mzazi, kisha akaingia ndani ambako makaa yaliwaka kwenye jiko na dirisha lilizibwa kwa matambara. Fikirte alilala chini ya blanketi tatu na bado alikuwa anatetemeka. Mtoto alilia ile sauti ya kukwaruza ya mtoto mwenye njaa. Titi la kulia lilikuwa jekundu, gumu kama goti.

"Kopo lako liko wapi?" akauliza Etete Tsedale.

"Sikuja nalo."

"Haidhuru. Mimi nafunga, lakini siagi ya mzazi haikosekani humu." Akalisogeza bakuli. "Kunja sweta."

Wagaye hakukunja. Aligusa paji la uso la Fikirte, akatazama titi, akaona alama za vidole zimegeuka kijani. "Nani amelikanda hili?"

"Nani mwingine? Mimi. Vile vile ulivyonifundisha. Tangu jana mara nne, na nimelikamua mpaka likagoma kutoa hata tone."

"Na likawaje?"

"Si unaliona? Ndiyo maana nikakuita. Mikono yangu haina ule uwezo wa kwako."

Sifa ile ilimwingia Wagaye kama mwiba. Akavuta kigoda akakaa. "Etete, binti yako hakandwi tena. Wala maji ya moto basi. Nataka kitu cha baridi."

"Cha nini?"

"Baridi. Barafu ikipatikana."

Etete Tsedale akaweka mikono kiunoni. "Wagaye, mwenzangu, huko Addis walikulisha nini?"

"Walinifundisha."

"Walikufundisha kuua? Mzazi hawekewi baridi. Hilo hata mbuzi analijua."

"Sijawahi kumwona mbuzi akikandwa, Etete, na ananyonyesha mapacha."

Chini ya blanketi Fikirte akacheka, kisha akaguna kwa maumivu. "Mama, mwache aseme," akasema. "Ukinigusa tena nitakuuma, naapa nitakuuma wewe mama yangu."

"Nyamaza wewe, umezaa juzi." Etete Tsedale akamgeukia Wagaye, na sauti yake ikashuka, ikawa ya kubembeleza, jambo ambalo kwake ni nadra. "Sista, usiache mbachao kwa msala upitao. Sikuombi jambo geni. Nakuomba mikono yako. Mikono hiyo ilimponya Aselefech wangu. Leo nina huyu. Akipoteza maziwa na yeye pia, nitasema nini, kwamba nyumba hii ina laana?"

Hapo Wagaye akaona hana pa kukimbilia. Angeweza kusema amechoka, kwamba vidole vinauma, na Etete angetafuta mwanamke mwingine wa kukanda kabla jua halijashuka. Titi lile lingekuwa jipu kama la dada yake.

"Haikumponya," akasema.

"Nini?"

"Mikono yangu. Haikumponya Aselefech. Titi lake lilikuwa limevimba tu, kama wanavyovimba wote. Mimi nikalikanda siku tatu mpaka nikalipasua kwa ndani. Lile jipu nililitengeneza mimi. Nimelijua mwaka huu, nikalificha. Mkate wako nimeula bure, Etete."

Etete Tsedale akafungua mdomo, na wakati huo huo mvua ya mawe ikaanza. Hapo mjini kwao Agosti mawe huanguka karibu kila alasiri, hakuna anayeshtuka, lakini juu ya bati hakuna neno linalosikika. Wanawake wale watatu wakakaa katika kelele ile, kila mmoja na lake. Mtoto naye alinyamaza, akasikiliza. Wagaye aliiweka mikono yake magotini akaitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine. Alikuwa na hakika akisimama kutoka pale hatakaribishwa tena nyumba ile, na aliona ni haki.

Kelele ilipopungua kidogo, Etete Tsedale alisema bila kumtazama mtu, "Mimi ndiye niliyemshika mabega."

Akaendelea, macho yake yakiwa kwenye makaa.

"Aselefech alinipigia magoti siku ya tatu. Mama, imetosha. Nikamwambia nyamaza, Sista anajua." Akajifuta pua kwa ncha ya shuka lake jeupe. Kisha akasimama, akachukua bakuli jingine kubwa la bati, la kupakulia wageni ugali wa shayiri, akajitandia shuka kichwani, akatoka.

Wagaye alimwona kutoka mlangoni: mwanamke wa miaka sabini, amefunga tangu asubuhi, ameinama uani chini ya mawe yanayompiga mgongoni, anaokota moja moja kama achambuaye dengu, na yenye matope anayatupa. Alirudi amelowa, bakuli limejaa nusu.

"Yanatosha?"

"Yanatosha, Etete."

"Na akifa?"

"Hafi. Na kesho saa kama hii homa isiposhuka, tunampeleka hospitali apewe dawa nyingine, mimi na wewe, hata kama ni kwa kumbeba."

Wakayafunga mawe kwenye kitambaa safi, kitambaa juu ya kitambaa, wakayaweka juu ya titi. Fikirte alivuta pumzi kwa nguvu, kisha akaiachia polepole, na mabega yake yakashuka kwa mara ya kwanza tangu jana. "Mama," akasema, "hii ndiyo raha ya kwanza tangu nizae." Etete Tsedale akanong'ona jina la Bikira mara tatu, kwa usalama.

Wagaye alimpa kidonge cha maumivu na maji ya vuguvugu, maana hata yeye hakutaka vita viwili siku moja. Titi lilipotulia, akamwonyesha Etete kazi iliyobaki. "Leta vidole vyako. Unajua unavyougusa utosi wa mtoto, pale panapodunda? Basi uzito huo, usizidi." Wakabonyeza ncha za vidole kuzunguka chuchu, taratibu, mpaka pakalainika mtoto aweze kushika. Etete Tsedale, aliyekanda unga miaka sitini, aliinua vidole kila mara kwa kuogopa kuumiza.

"Mheshimiwa," Wagaye akamwambia mtoto, "samahani kwa kuchelewesha chakula." Mtoto akashika. Akameza mara moja, mara mbili, kisha akaanza kumeza kama mtu mwenye kazi zake. Wakamwacha anyonye kwa hamu yake, akaachia mwenyewe, na hakuna aliyekamua kilichobaki.

Kesho yake homa ilikuwa imeshuka. Siku ya tatu titi lilikuwa laini, na Etete Tsedale alimsindikiza Wagaye mpaka langoni akiwa amevaa blanketi.

"Aselefech usimwambie," akasema. "Yamepita. Ana watoto wawili, ana maisha yake huko Dessie. Utamwamshia nini?"

Wagaye alikwenda nyumbani na maneno hayo, akalala nayo mwezi mzima.

Siku ya arobaini mtoto alibatizwa, siku mbili kabla ya mwaka mpya wa Ethiopia, ambao huingia Septemba, maua ya njano yamejaa kila mahali. Baada ya kanisa nyumba ya Etete Tsedale ilijaa watu, mkate umekatwa, kahawa iko mzunguko wa pili. Fikirte alikaa katikati amenawiri, mtoto kifuani, anapokea baraka. Na Aselefech, aliyekuja kutoka Dessie na wanawe, alikaa peke yake karibu na mlango, penye baridi.

Wagaye akaenda kukaa karibu naye. "Mbona huku? Njoo umpakate mheshimiwa."

"Hapa panatosha, Sista." Aselefech akatabasamu. "Namwogopea. Nikimpakata, kisha usiku akinyonya vibaya, watasema ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Si unajua. Yangu yalioza. Kuna watu maziwa yao yana mkosi, na wewe ulihangaika nami mpaka mikono ikachoka." Alimtazama mwanawe wa kiume, wa miaka sita, anayefukuzana na wenzake uani. "Yule wa pili sikumpa hata tone. Nilijifunga kitambaa kifuani siku ile ile nikampa chupa. Niliogopa kumwua."

Wagaye akaweka kikombe chini. Upande wa pili wa chumba Etete Tsedale alikuwa amewatupia macho, na akakohoa kikohozi cha kumwonya. Wagaye alikisikia.

"Mwanangu," akasema, "nitakuambia jambo, na ukitaka kunitemea mate nitakaa nitemewe." Akamwambia. Alimwambia lote, siku tatu zile, maji ya moto, picha ya ukutani, na miezi aliyonyamaza. Hakujitetea kwamba zamani hatukujua, ingawa ilikuwa kweli.

Aselefech aliitazama mikono ile. "Miaka kumi na moja, Sista."

"Ndiyo."

"Na yule mdogo nikamnyima."

"Ndiyo, mwanangu."

"Kwa hiyo yalikuwa mazuri?"

"Yalikuwa mazuri. Hayakuwahi kuwa na kasoro."

"Yote? Na ya kushoto?"

"Na ya kushoto."

Aselefech alijifunika uso kwa shuka lake, na mabega yakamtikisika. Wagaye hakuthubutu kumgusa. Watu waliokuwa karibu wakageuka, mpaka chumba kizima kikawa kinawatazama. Alipojifunua, macho yalikuwa mekundu na sauti ilikuwa ile ile ya mama yake, kubwa.

"Simama useme tena," akamwambia Wagaye. "Sema wasikie wote. Na wewe Mahlet, njoo hapa usikie." Binti wa miaka kumi na moja akaja, akasimama kando ya mama yake, hajui kuna nini.

Wagaye akasimama, sweta yake vifungo vimekwenda upande, mbele ya mkate na kahawa na wageni wote. "Maziwa ya Aselefech yalikuwa mazuri," akasema. "Hayakuwa na mkosi. Mimi ndiye niliyeliharibu titi lake kwa mikono hii. Na watoto wake wote wawili angewanyonyesha, kama si mimi."

"Na mimi ndiye niliyemshika," akasema Etete Tsedale kutoka kule alikokaa.

Aselefech alimpita Wagaye, akanawa mikono kwenye birika, akaikausha vizuri kwa shuka. Kisha akaenda mpaka katikati ya chumba, akakaa kando ya mdogo wake, akanyosha mikono.

"Nipeni huyo mheshimiwa," akasema.